Sahihi ya Mzee wa Tatu

Rooty Hill, Sydney
Jumatano, 13 Agosti 2025

Mdogo wangu Jokha,

Assalamu alaykum warahmatullah. Kabla sijakuuliza hali, naliweka jambo lenyewe mbele, maana nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe na ujasiri wangu uishe nayo. Nimekuficha habari ya Sabri kwa miaka thelathini na mitano. Unayoijua ni nusu, na aliyeikata hiyo nusu ni mimi. Barua hii ni ya kukupa iliyobaki.

Sasa tuamkiane. Waambaje huko Kibokoni? Goti lako limetulia, au bado linakutabiria mvua kabla ya redio? Watoto wa chekechea yako ni wangapi mwaka huu, na yule aliyekuwa akila chaki ameacha au amehamia kwenye kalamu za rangi? Kwenye picha uliyomtumia mwanangu Safaa niliona mabati mapya juu ya darasa. Nimekaa najiuliza mafundi waliyapitisha vipi katika uchochoro ule, na hata mkokoteni wa maji hukwama pale. Siku moja nieleze.

Mimi afya yangu sasa inahesabiwa kwa wiki. Daktari wa moyo aliniuliza, kwa upole, kama ningependa kujua zimebaki ngapi. Nikamwambia nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja na sijawahi kukataa kujua kitu. Akaniambia. Maumivu si mengi, ila pumzi ni fupi, na kutoka kitandani hadi dirishani ni safari ya kupumzika mara moja njiani. Safaa ananitunza kama ulivyomfundisha. Akitoka zamu yake pale hospitali ya Westmead hana hata nafasi ya kuvua viatu kabla hajanipima presha. Wanawe hawajambo. Wanasikia Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza, nami naendelea na changu, na chakula cha jioni kinakwenda hivyo kama redio mbili zilizowashwa chumba kimoja.

Utauliza kwa nini sikukwambia kwa simu, na hali kila Ijumaa tunaongea. Nimejaribu mara tatu. Kila nikilikaribia jambo unaniuliza nimekula nini, nami nakutajia nilichokula, na Ijumaa inakwisha. Tena nakujua. Ungenisamehe katikati ya sentensi kabla hujausikia mwisho wake.

Huenda Safaa naye akaisoma barua hii, kwa hiyo vumilia nikieleza hata yale unayoyajua. Mwaka elfu moja mia tisa na tisini ulikuwa na miaka ishirini, unaishi kwangu, na Sabri alikuwa amekuposa. Alikuwa amepata ahadi ya kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Malindi, kazi yenye nyumba, na mlikuwa mhamie huko baada ya nikaha. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho. Alikwenda kwa chifu, na kama kijana yeyote wa mwambao miaka ile aliambiwa aje ahojiwe na wazee watatu ili ijulikane kama kweli ni wa hapa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu. Kamati ikasema haimtambui. Nilirudi nyumbani nikakwambia kwamba nimemtetea hadi sauti ikanikauka, ila wenzangu wawili, na hasa Mzee Fumo, wamekataa. Wiki mbili baadaye Sabri akavuka mpaka akitafuta karatasi mahali pengine. Alikuaga akisema akizipata atarudi. Hakurudi. Wewe ukakataa posa nyingine mbili, ukafungua chekechea, na Mzee Fumo alipokufa ulikataa kuingia matangani kwake. Nilikuona umekaa barazani, na jeneza lilipopita ulilipa mgongo. Sikusema neno.

Haya, sasa njoo Sydney.

Mwezi wa Juni, Jumapili moja, alikuja Mbuvi akitoka kanisani, tai bado shingoni. Mbuvi ni Mkamba wa Machakos, ana ofisi ndogo Blacktown, na ndiye mwenyekiti wa chama cha Wakenya wa upande huu wa jiji. Mkenya akipoteza pasipoti, akilazwa au akifiwa, simu ya kwanza hulia kwake. Yeye huniita Kadhi. Nimemweleza mara nyingi kwamba nilikuwa mwalimu tu, naye husema mwalimu wa Mombasa mwenye kanzu ni Kadhi, tusisumbuane. Siku hiyo aliketi, akakubali chai, akasema kuna mtu wangu hospitalini, ama si wangu, na hilo ndilo ubalozi unataka nilijibu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mpishi wa meli ya mizigo alianguka melini wakati meli imefunga hapa. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa nyongo, na meli ikaondoka bila yeye, maana meli hazisubiri mpishi. Pasipoti aliyokuwa nayo ilikuwa ya Burundi, jina Niyongabo. Ilipopelekwa kwa wenyewe wakasema namba ile haimo kwenye vitabu vyao na mtu yule hawamjui. Hapo mpishi akakiri kwamba pasipoti ile aliinunua zamani kwa wakala wa mabaharia, na kwamba yeye hasa ni mtu wa Mombasa. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali akapiga simu ubalozi wetu Canberra. Ubalozi ukatafuta jina alilolitaja na haukuona pasipoti wala kitambulisho. Mtu wa miaka hamsini na sita, na hakuna nchi hata moja inayosema huyu ni wangu.

Niliuliza jina alilolitaja. Mbuvi akasema afisa amemkataza kuniambia, ili nisije nimeshaamua njiani.

Jokha, nakuambia ukweli, nilifurahi. Kwa miezi sita kitu kikubwa nilichokuwa nikikichunguza ni ndege weupe wanaochokora mapipa ya taka ya jirani. Sasa nimepewa mtu mzima wa kuchunguza. Nilimwambia Safaa aninyoe ndevu.

Afisa wa ubalozi anaitwa Kendi, binti wa Meru, sauti yake kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari huku akitafuta funguo. Alinipigia kabla ya siku ya mahojiano na nikamwuliza maswali mengi kuliko aliyokuja nayo. Nilitaka kujua ubalozi unaweza nini hasa. Alicheka, akasema watu hudhani ubalozi ni kama mama mzazi, kumbe hauwezi kumtoa mtu mikononi mwa serikali ya hapa, hauwezi kumlipia hospitali, hauwezi hata kumnunulia sharubati. Unaweza kuwatafuta jamaa zake, kumtafutia wakili amwone, na kumwandikia hati ya dharura ya kusafiria mara moja kwenda nyumbani. Lakini yote hayo, alisema, yanaanza na sentensi moja, kwamba huyu ni wetu. Bila hiyo, Mzee wangu, mimi ni mwanamke tu mwenye simu.

Nikamwambia sentensi hiyo naijua, niliwahi kukaa katika kamati za wazee. Akasema vizuri, ndiyo sababu Mbuvi amenitaja.

Safaa alinipeleka siku yake ya mapumziko, mimi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini kama balozi wa nchi ya wagonjwa. Mlangoni mwa wodi tulikutana na Darlène, muuguzi Mrundi anayefahamiana na Safaa. Alisema siku ya kwanza alimwamkia yule mgonjwa kwa Kirundi, kwa furaha ya kuona jina la kwao, naye akamtazama kama samaki anayetazama gazeti. Akajaribu Kifaransa, hakuna. Mwishowe akamwambia kwa Kiswahili, wewe baba, Burundi umepitia tu juu kwa ndege. Mgonjwa akajibu, hata juu sijapita, dada yangu, nimepita pembeni kwa meli. Na Burundi haina bahari, akasema Darlène, akaenda zake anacheka.

Nilimkuta mtu mwembamba, kichwa cheupe, miwani imefungwa plasta mkono mmoja. Sikumjua, Jokha. Naapa sikumjua, naye akaona mzee wa kanzu tu. Kendi alikuwa kwenye kompyuta ndogo iliyosimamishwa juu ya meza ya chakula, na kando ya ile kompyuta palikuwa na sahani ya viazi ambavyo mgonjwa alikuwa amevisukuma mbali. Alisema vimepikwa na mtu aliyegombana na chumvi.

Nikaanza maswali yangu ya zamani. Si ya kitabu, kwa kuwa yaliyo kitabuni mtu hukariri. Nilimwuliza maji ya mvua mtaani kwao yalielekea wapi. Nilimwuliza mwadhini wa alfajiri alikuwa na kasoro gani, akasema alikuwa akikohoa kila baada ya kuita mara ya pili, na watoto walikuwa wakikohoa naye vitandani. Nilicheka mpaka Kendi akauliza kama niko salama. Kisha nikauliza lile swali ambalo halijawahi kunidanganya. Kila mtaa una mwanamke mmoja anayeitwa wanawake wanapofiwa, na mgeni hawezi kumjua, kwa sababu jina lake halitajwi ovyo. Nikamwuliza ni nani aliyekuwa akiosha maiti za wanawake kwao.

Akasema, Bi Mwanasha. Ni bibi yangu mzaa mama.

Kalamu ilinitoka. Bi Mwanasha ndiye aliyemwosha mke wangu, mama yake Safaa, na alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kiume. Nilivua miwani yangu nikaifuta, nikamtazama tena, na taratibu, kama ramani inavyojitokeza mtu akiikunjua, nikaona uso wa yule kijana aliyekuwa akikuletea mikate ya sinia barazani kwangu. Nikamwita jina lake. Akaniangalia sana. Kisha akasema, Mwalimu Hemed, na akajaribu kuinuka na nyuzi zake tumboni ili anibusu mkono.

Aliniambia mbele ya Kendi na mbele ya Safaa kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyemsimamia mwaka ule. Alisema alipokuwa Moroni, alipokuwa Durban, hata alipokuwa akikatakata vitunguu katikati ya bahari ya baridi, alijituliza kwa kukumbuka kwamba mmoja kati ya watatu alimkubali. Safaa alinikumbatia bega. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alisema, kwa Kiingereza kwanza kisha akarudia kwa Kiswahili, Baba, mbona hukuwahi kutuambia.

Sabri akamwuliza Safaa yeye ni nani. Safaa akasema, mimi ni Safaa. Akasema, yule mtoto mchanga? Akamkazia macho muda mrefu, na swali lililofuata lilikuwa habari zako. Kama u hai. Kama uliolewa. Safaa akamjibu yote mawili.

Nilidhani kazi imekwisha na nitajificha nyuma ya shukrani zake mpaka nife. Lakini Kendi ni mfanyakazi mzuri kupita kiasi. Aliandika Nairobi, na huko katika faili za zamani wakaipata fomu ya Sabri, imekuwa rangi ya chai. Siku nne baadaye alinipigia. Alisema afadhali fomu isingekuwepo kabisa. Mtu asiye na rekodi yoyote serikalini, ubalozi unaweza kupokea ushahidi wa jamaa na wazee. Lakini huyu ana karatasi ya serikali inayosema wazee wa mtaa wake wamemkana, na hakuna afisa atakayeruka juu ya muhuri ule kwa sababu ya kikohozi cha mwadhini. Mama yake amekufa, bibi yake amekufa, alizaliwa nyumbani bila cheti. Kitakachoifuta fomu ni kiapo cha mmoja wa wale wale walioiweka sahihi.

Akanisomea majina. La kwanza Fumo, marehemu. La pili marehemu. La tatu, alisema, ni sahihi tu bila jina, mkwaruzo mrefu wenye mkia. Akaniuliza kama katika kamati zile nilizokaa niliwahi kumjua huyo wa tatu, na kama yu hai.

Sabri alikuwa ametaja wazee watatu na jinsi nilivyomsimamia. Kendi hakuwa mjinga. Nafikiri alikuwa akinipa mlango niufungue mwenyewe. Nikamwambia nitaulizauliza.

Akasema tafadhali nisichelewe, kwa sababu daktari amemwandikia Sabri kutoka Ijumaa ya wiki ile, na akitoka hospitalini bila hati ya nchi yoyote atapelekwa kituo cha wahamiaji. Kuna watu, alisema, wamekaa humo miaka kwa kukosa nchi ya kurudishwa.

Siku tatu niliulizauliza, kama nilivyoahidi, na niliyemwuliza ni mimi. Ilikuwa ajabu, Jokha, jinsi nilivyojua kujitetea. Nilijiambia nina wiki chache, niachwe nife na heshima yangu. Nilijiambia kituo kile kina chakula na daktari. Nilijiambia Kendi atapata njia. Siku ya tatu Sabri alinipigia kwa simu ya Darlène. Hakuniomba kitu. Alitaka tu kujua ni nani kati ya wale wawili aliyesema kwanza, Fumo au mwenzake. Alisema si kwa ubaya, wote wamekwenda mbele ya haki, ila amelibeba swali hilo bandari zote na angependa kulitua.

Hapo lazima nikueleze utaratibu, maana wewe hukuwa ndani na sikuwahi kukueleza. Mwombaji alipomaliza kujibu alitolewa nje. Ndani hatukupiga kura. Mzee anayetoka mtaa mmoja na mwombaji ndiye aliyesema kwanza, na wengine wawili walimfuata, kwa sababu wao wangemjuaje mtoto wa mtaa usio wao? Fumo alikuwa wa Bondeni. Yule mwingine alikuwa wa Makupa. Wa Kibokoni, mtaa wa Sabri, nilikuwa mimi.

Nilimwambia Sabri nitakuja nimjibu uso kwa uso.

Safaa alinisukuma hadi kwenye kibustani kilicho nje ya wodi, kwenye jua la asubuhi, na nikamwomba atuache akatafute kahawa. Nikamwambia Sabri kwamba aliyesema kwanza ni mimi, na nilichokisema ni simjui. Kwamba Mzee Fumo aliniuliza mara mbili, akasema Mwalimu, una hakika, kijana amejibu vizuri, nami nikarudia. Kwamba Fumo aliweka sahihi akitikisa kichwa.

Sijui nilitarajia nini. Ndege mmoja mweupe aliruka akatua kwenye ukuta, akatutazama, akaondoka. Kisha Sabri akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote alikuwa akimwombea dua mtu asiyefaa, na akimlaani asiyefaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hilo mwenye haki ya kulisikia kwanza ni wewe. Akauliza kama unajua lolote. Nikasema hapana. Akasema, basi mwandikie, Mwalimu, na mwandikie kabla hujafa, mimi sitakuwa mjumbe wako. Nilikuwa nimefikiri kumpa barua hii aje nayo. Alikataa katakata. Alisema hawezi kufika mlangoni kwako akiwa ameshika maneno yangu mkononi.

Alhamisi Safaa alinipeleka maktaba ya Blacktown. Huko kuna watu wa kujitolea wanaoshuhudia viapo, wanakaa kwenye meza karibu na magazeti na hawatozi kitu. Niliyempata alikuwa mwanamke mzee wa Kihindi mwenye muhuri mdogo. Aliniuliza kama nimeyaelewa ninayoyaapa. Nikamwambia nimeyaelewa kwa miaka thelathini na mitano. Niliandika kwamba mimi ndiye mzee wa tatu, kwamba sahihi ile ndefu yenye mkia ni yangu, kwamba nilimjua mwombaji tangu kuzaliwa, mama yake na bibi yake, na kwamba niliposema simjui nilisema uongo. Safaa alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu. Hakunikumbatia bega safari hii. Njiani kurudi, tulipopita stesheni ya Rooty Hill, akauliza swali lile lile la Sabri, kwa nini, na nikampa jibu lile lile.

Kendi alikipokea kiapo mchana huo. Alinipigia akasema asante Mzee, kwa sauti ya kazi, na sikumdai zaidi. Ijumaa kabla ya saa sita hati ya dharura ikatoka, karatasi moja iliyokunjwa, yenye picha ya Sabri akiwa na ile miwani ya plasta. Mbuvi aliipokea, akampeleka kulala kwake hadi tiketi ilipopatikana kwa michango ya chama. Wanjugu, mke wa Mbuvi, alimpikia wiki nzima, kisha siku ya mwisho Sabri akamtoa jikoni akawapikia yeye, na Mbuvi ameniambia watu walikula wima.

Amefika Mombasa tangu mwezi uliopita. Yuko kwa binamu yake Likoni. Hajakuja kwako na hatakuja mpaka umwite, na asipoitwa atajua. Namba yake Wanjugu anayo. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, maana anakuja nyumbani likizo, na hajui kilichomo.

Nisalimie majirani wote wa barazani, na walimu wenzako wawili pale chekechea. Ukiweza, nenda kwa watoto wa Mzee Fumo, uwaambie niliyoyaandika, na uniombee radhi, kwa sababu mimi miguu haitafika tena. Safaa anakusalimu sana. Ananipa dawa zangu kwa wakati na kunifunika vizuri, na tangu siku ya maktaba hajanitania hata mara moja. Kama Mungu ataniweka hadi Ijumaa ijayo, piga simu ukitaka, na usipopiga nitaelewa. Nikitangulia, nisomee Yasini, hata moja.

Sasa iliyobaki. Fomu ya kiapo ilikuwa na nafasi ya nani, wapi na lini. Ya kwa nini haikuwepo, na nilishukuru.

Hakuna aliyenihonga, Jokha. Sikumchukia Sabri, nilimpenda, na wewe nilikupenda zaidi. Asubuhi ile kabla sijaenda kwa chifu nilipita chumbani kwako nikakukuta umelala umekaa, na Safaa amelala kifuani kwako. Alikuwa na miezi saba, hana mama, na hakuwa akipata usingizi kwa mtu mwingine yeyote. Mwezi uliofuata wewe ungekuwa Malindi. Nimejiambia miaka yote kwamba nilifanya kwa ajili ya mtoto. Lakini mtoto angekwenda nawe Malindi, wewe mwenyewe uliniomba umchukue, na Sabri alikuwa amekubali. Nilisema simjui kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu katika nyumba ile.

Kaka yako,
Hemed